Yaya Aliyetoka Korongoni

Jumanne tarehe 9 Septemba 1986, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, farasi jike aliyeitwa Lady Corrimal alikufa akizaa katika shamba la Glenorrin, nje kidogo ya mji wa Scone. Mtoto wake, wa kike, alitoka hai.

Merle Stackpool alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, mikono imelowa hadi mabegani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa uzazi hapo shambani. Lady Corrimal mwenyewe alipozaliwa, Merle ndiye aliyempokea, kwenye banda hilohilo, akamsimamisha, akamzoesha hatamu, akamsikiliza redioni akishinda mbio kule Sydney, kisha akampokea tena aliporudishwa nyumbani azae. Sasa alilitazama jicho lake likipoteza mwanga. Hakulia, kwa sababu kazi ilikuwa bado. Alimsugua mtoto kwa gunia mpaka akapumua vizuri, akachukua ndoo, akarudi kwa maiti na kuanza kukamua.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, haisubiri. Mtoto wa farasi asipoipata siku anayozaliwa, kuhara au homa humchukua kabla hajazoea kukimbia. Kwa hiyo Merle alikikamua kiwele cha mfu kingali na joto, huku Colm Garrity, mtunza farasi, akishikilia mguu wa nyuma uliokuwa umeanza kukakamaa.

"Nimekamua ng'ombe, nimekamua mbuzi," Garrity alisema. "Maiti ndiyo leo."

"Shika mguu, Colm."

"Nimeushika. Huyu angalau hana teke."

Merle alicheka kidogo puani, na ndipo machozi yakamtoka. Garrity akageuka akajifanya anatazama mlango.

Rupert Thring, mwenye shamba, aliingia akiwa bado na viatu vya nyumbani. Hakuuliza mama amekufaje. Aliuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Alipoambiwa ni wa kike, alivua kofia. Merle alidhani anampa heshima marehemu, kumbe alikuwa anajifuta jasho la paji la uso.

Kila mtu Glenorrin alijua swali lile lilitoka wapi. Madume ndiyo hupigwa picha, lakini ukoo wa farasi wa mbio huhesabiwa kwa mama. Babu mkuu wa Thring alikuja na jike mmoja melini kutoka Uingereza, na washindi wote walioning'inizwa picha ukumbini kwake walitoka kwenye tumbo la jike yule, mama hadi binti, binti hadi mjukuu. Ukame ulichukua baadhi yao, ugonjwa wa tumbo ukachukua wengine, wengine wakawa tasa. Majike wengine wa shambani walinunuliwa kwingine; wa ukoo ule alibaki Lady Corrimal peke yake. Sasa amebaki huyu kwenye gunia, ana doa jeupe usoni na miguu kama fito. Akifa, Glenorrin ingekuwa uzio mweupe na nyasi tu.

Merle hakuwa na haja na ukoo. Alikuwa amempoteza Lady Corrimal, na alikuwa ameshajiapiza kwamba mtoto hampotezi.

Walihitaji yaya. Ndivyo wanavyomwita jike mwenye maziwa anayekodishwa kumnyonyesha mtoto wa mwingine. Merle alipiga simu bonde zima. Kila shamba lilimpa pole, na hakuna lililokuwa na jike wa ziada. Siku ya pili mtoto alianza kuyatapika maziwa ya kopo kupitia puani na kuharisha maji ya njano. Alikuwa amelala ubavu, anatetemeka. Merle alikuwa anamfuta makalio kwa kitambaa aliposikia Thring akimwita kutoka uani.

Jike alikuwa amesimama kwenye lango la chini, upande wa korongo. Alikuwa wa kahawia, mzito, mwenye manyoya marefu yaliyofunika kwato, aina ya farasi wa kukokota plau ambao bondeni hawafugwi tena. Kiwele chake kilikuwa kimejaa mpaka ngozi inang'aa. Maziwa yalikuwa yanamdondoka yenyewe mavumbini.

"Huyu si wetu," Garrity alisema.

Begani alikuwa na chapa ya kwato yenye herufi T katikati. Ilikuwa chapa ya Glenorrin, isipokuwa kwato iliangalia chini. Garrity alimnong'oneza Merle kwamba Glenorrin waliigeuza kwato ile iangalie juu kabla hata baba yake Garrity hajaajiriwa hapo. Thring aliwasikia. Akasema majirani huiga chapa za watu, wamwingize jike ndani, maneno baadaye.

Jike aliingia bandani bila kuvutwa, kama anayekijua chumba chake. Lakini Merle alipomsogeza mtoto kwenye kiwele, jike alimnusa mara moja, akarudisha masikio nyuma na kurusha teke lililopasua ubao. Walijaribu tena huku Garrity akimfunika macho. Akamng'ata mtoto shingoni na kumtupa pembeni.

Hilo nalo lilikuwa na dawa inayojulikana. Jike humtambua mwanawe kwa pua. Mtoto wake akifa, mfu huchunwa, na ngozi yake hufungwa kwenye mgongo wa yatima kama koti. Jike akinusa, humkuta wake. Baada ya siku chache maziwa yake mwenyewe yanakuwa yamepita kwenye mwili wa yatima na kubadilisha harufu, ngozi inakuwa imekauka, inakatwa na kutupwa. Merle alikuwa amefanya hivyo mara kadhaa. Si kazi ya kumpendeza mtu, ila ilikuwa imeokoa watoto.

"Mtoto wake yuko wapi?" Thring aliuliza. "Awe hai au mfu, ngozi anayo."

Merle alimtazama. "Na akiwa hai, bosi?"

"Mkimkuta hai tutaongea."

Merle na Garrity waliteremka korongoni mchana, kisu na kamba vikiwa mkobani. Njiani Garrity alizungumza bila kumwangalia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Glenorrin enzi za babu yake Thring. Wakati ule, alisema, mayaya hawakukodishwa. Walifugwa, kundi zima la farasi wa plau huku chini, wakipandwa kila mwaka ili maziwa yawepo. Watoto wa damu ya mbio wakizaliwa, mama zao walirudishwa haraka kwa madume, na wao wakapelekwa kwa mayaya. Watoto wa mayaya hawakuwa na kazi. Kulikuwa na nyundo imetundikwa mlangoni.

"Baba alisema wengine walipigwa kabla hawajasimama," Garrity alisema. "Huku juu wageni wanakunywa chai na keki barazani. Walikuwa wanaambiwa ile ni sauti ya mafundi wa uzio."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, dada? Kila mtu alikuwa anajua. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza."

Mtoto wa jike wa kahawia alikuwa amelala ukingoni mwa korongo, miguu imekunjwa vizuri, manyoya bado yamelowa. Merle aliweka kiganja ubavuni mwake. Alikuwa wa moto. Paji la uso lilikuwa limeingia ndani, shimo la duara, ukubwa wa kinywa cha kikombe.

Hapakuwa na nyayo za mtu. Thring alikuwa nyumbani tangu asubuhi, na wao wawili walikuwa bandani. Chini yao, kwenye majani na takataka za mafuriko ya zamani, mifupa myembamba ilichomoza kila mahali, na mafuvu madogo yaliyojaa udongo. Merle aliyatazama mafuvu machache ya karibu. Yote yalikuwa na shimo hilohilo.

"Tuondoke," Garrity alinong'ona.

Merle aliwaza yule aliyelala kule juu akiharisha maji. Akakaa chini, akatoa kisu.

Alikata kuzunguka shingo, kisha chini ya tumbo. Damu haikutoka. Ngozi iliachia nyama bila kushika, kama soksi iliyolowa inavyotoka mguuni. Upande wake wa ndani haukuwa na mafuta. Ulikuwa na udongo mweusi, ule unaokutwa chini ya mawe, na ndani ya udongo minyoo myekundu ilikuwa ikijikunja kutafuta giza. Mwili ungali wa moto. Minyoo ilipanda kwenye vidole vya Merle na kuingia kwenye mikono ya sweta. Alijifuta kwenye nyasi, akaendelea. Ngozi ilipotoka yote, nyama iliyobaki ilibomoka na kushuka korongoni kama tope.

Garrity hakufanya mzaha tena siku hiyo.

Bandani walimvika yatima ile ngozi. Walitoboa matundu pembeni, wakapitisha kamba ya katani chini ya tumbo na kifuani, mkia juu ya mkia. Ilikuwa na ubaridi wa samaki. Mtoto alipinda mgongo ilipomgusa. Merle alimsogeza mbele, yeye akiwa katikati, tayari kula teke.

Jike alinusa. Akashusha kichwa. Akatoa ile sauti ya chini ya koo ambayo jike huitoa kwa mwanawe tu. Mtoto aliyumba, akapata chuchu, akanyonya mpaka povu likamjaa midomoni. Merle alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasikiliza mmezo baada ya mmezo. Kisha akakumbuka kwamba hajala tangu jana, akafungua mkate wake wa nyama ya kondoo. Harufu ya mikono yake ilifika mdomoni kabla ya mkate. Akaurudisha kwenye karatasi.

Kwa siku kadhaa kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa. Mtoto aliacha kuharisha. Tumbo lilijaa, macho yakachangamka. Thring alikuja kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi, akasimama mlangoni akitabasamu.

Merle aliona mambo mengine.

Ngozi ilitakiwa ikauke. Haikukauka. Ilibaki laini, ikitoa maji ya kunata ambayo yalidondoka kwenye majani na kuvuta nzi. Jike aliilamba tangu kunakucha mpaka jioni. Hakula sana, hakulala. Aliilamba tu, na ulimi wake ulikuwa wa kijivu. Harufu ilitoka bandani ikafika jikoni kwa wafanyakazi, harufu ya maji ya chombo kilichooza maua. Mpishi alihamishia meza nje.

Merle alikinga tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono. Lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alilipangusa, na chembe za mchanga zikabaki.

Alikwenda kumwambia Thring. Thring alimsikiliza akiwa anasoma gazeti.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, bosi."

"Anakua?"

"Anakua. Lakini itazame miguu yake."

"Miguu inakuwa minene. Vizuri. Mama yake alikuwa dhaifu wa miguu."

Merle alirudi bandani kuitoa ngozi. Aliitafuta kamba ya katani ili aikate. Kamba ilikuwa imezama nyamani, na juu yake manyoya yalikuwa yameota. Alitafuta ukingo wa ngozi shingoni, pale alipokata kwa mkono wake. Alipitisha kidole polepole, upande mmoja, kisha upande mwingine.

Hapakuwa na ukingo.

Siku iliyofuata manyoya ya kahawia yalikuwa yamefika kwenye taya. Kisha masikioni. Asubuhi moja doa jeupe la usoni halikuwepo. Mahali pake palikuwa na bonde. Merle alilibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kiliingia. Ilikuwa kama kubonyeza tunda lililooza likiwa bado na ganda.

Mtoto hakushtuka. Alimtazama Merle kwa macho ya Lady Corrimal, akarudi kunyonya.

Merle alitapika kwenye mtaro wa nje. Alipomaliza alisimama pale ameshika ukuta. Alijiuliza swali moja tu, kama mtoto yuko hai. Jibu lilikuwa ndiyo. Alishindwa kwenda zaidi ya hapo.

Thring alilazimika kuona alipopigiwa simu kwamba daktari wa mifugo atakuja kesho yake kumchukua mtoto damu na kuzichora alama zake kwenye karatasi, ili aandikishwe kwenye kitabu cha ukoo. Alama zilikuwa zimeshatangazwa: rangi ya asali, doa jeupe usoni. Alikuja bandani baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani kabisa. Alitazama kwa muda mrefu. Akamwomba Garrity kisu.

Garrity alimpa, akarudi mlangoni.

"Mwache, bosi," Merle alisema. Alikuwa ameshika hatamu ya jike. "Yuko hai."

"Yuko hai kama nini?" Thring aliuliza. Hakupandisha sauti. "Familia yangu haizalishi farasi wa plau, Bi. Stackpool. Hiyo ni ngozi tu. Mtoto wangu yuko ndani."

Akapiga magoti. Akaweka ncha ya kisu juu ya mabega, akakata kuelekea mkiani.

Jike hakusogea. Aliendelea kutafuna.

Ngozi ya kahawia ilifunguka. Thring aliivuta kwa mikono miwili, ikatoka nzima, hadi ya kichwani, kwa mlio wa buti linalochomolewa kwenye tope. Aliitupa nyuma yake. Chini yake kulikuwa na ngozi nyingine. Nyekundu. Imelowa. Imefungwa kwa kamba ya mkonge iliyooza. Paji la uso lilikuwa na shimo.

Thring alisita kidogo. Akakata tena.

Chini ya nyekundu kulikuwa na nyeusi, imefungwa kwa ukanda wa ngozi. Chini ya nyeusi, ya kijivu, imefungwa kwa waya. Kila moja na shimo lake. Minyoo ilimwagika kwenye majani. Nzi waliingia mlangoni kwa wingi mpaka mwanga ukapungua. Garrity alikuwa ameinama nje akitapika, na kati ya kutapika alikuwa anamtaja Bikira Maria.

"Yuko ndani," Thring alisema.

Akachuna.

"Yuko ndani tu."

Akachuna. Mikono yake ilikuwa imepotea kwenye ute mpaka viwikoni, shati limemganda kifuani. Rundo nyuma yake lilifika kiunoni mwake. Kila ngozi iliyotoka, mtoto alipungua. Mwanzo alikuwa wa ukubwa wa ndama. Kisha wa mbwa mkubwa. Alikuwa amelala sasa, na pumzi yake ilikuwa ya vipande. Merle aliisikia. Aliihesabu bila kutaka, kama anavyoihesabu kwa kila mtoto anayezaliwa mikononi mwake. Ngozi moja ikitoka, pumzi inakawia. Nyingine ikitoka, inakawia zaidi.

Ndipo akaelewa. Hakukuwa na mtoto aliyefichwa chini ya hizi. Wale wa korongoni ndio waliokuwa wanampa pumzi.

"Rupert," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ukitoa nyingine atakufa."

"Nipishe."

"Anakufa. Msikilize."

Thring hakumsikiliza mtu wala mnyama. Alikuwa anacheka kwa pumzi, mdomo wazi, nzi wakimtembea kwenye ufizi. Alishika ngozi nyingine, ya madoadoa, na chini yake Merle aliona jicho moja. Lilikuwa linafifia. Alikuwa ameshaliona jicho likififia hivyo mwezi huohuo, palepale.

Aliachia hatamu. Alimsukuma Thring kwa bega. Thring aliteleza, kisu kikamponyoka, akaangukia rundo la ngozi mgongo mzima. Rundo lilimpokea. Alijaribu kuinuka, mikono ikazama.

Merle aliivuta ngozi ya madoadoa akamfunika mtoto. Kisha iliyofuata. Alianza na ya mwisho kutoka, akarudi nyuma, moja baada ya nyingine, akizichomoa chini ya mwenye shamba aliyekuwa akipiga mateke na kutapatapa. Zilikuwa nzito. Zilikuwa za moto sasa. Kucha zake zilijaa ute na udongo, uso wake pia, na kila alipovuta pumzi alionja. Hakusimama. Jike alishusha kichwa akaja kulamba. Pale ulimi ulipopita, ngozi ilifunga. Merle aliweka, jike akalamba. Aliweka, akalamba. Walifanya kazi kama watu wawili waliozoeana.

Alipoiweka ya kahawia, ya mwisho, mikono yake ilibaki juu yake. Jike aliilamba mikono hiyo pia. Viganja. Vidole. Mpaka kwenye vifundo. Ulimi ulikuwa na ubaridi.

Mtoto alivuta pumzi ndefu. Akanyoosha miguu ya mbele. Akasimama, akatafuta kiwele, akanyonya.

"Bi. Stackpool," Thring alisema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya bosi. "Funga huo mlango."

Merle aliufungua wote. Akambusu mtoto juu ya pua, kwenye manyoya ambayo hayakuwa yake, akasogea pembeni.

Jike alitoka mbele, mtoto ubavuni. Walipita uani, saa za mchana, mbele ya mpishi na meza yake. Walipita kati ya nyua nyeupe. Majike wa mbio waliacha kula wakaja kwenye uzio, wote, wakasimama wameinua vichwa. Hakuna aliyelia. Wawili hao waliteremka upande wa korongo wakaacha kuonekana.

Daktari wa mifugo alipofika asubuhi yake aliambiwa kwamba mtoto amekufa. Aliomba kuuona mzoga. Thring alisema umezikwa, na hakusema wapi. Alikuwa amevaa glavu, na katika mazungumzo yote alisimama mbali, mahali ambapo upepo haukupeleka harufu yake kwa daktari.

Garrity alitoa taarifa polisi, bila kutaja ngozi. Alisema farasi wawili wamepotea. Askari wawili walikwenda naye korongoni wakashuka hadi chini. Hawakuona farasi. Hawakuona mfupa hata mmoja. Udongo wa sakafu ya korongo ulikuwa umelowa na kulainika kuanzia ukingo mpaka ukingo, na mmoja wa askari aliuliza nani amekuja kuufagia.

Majike wa Glenorrin waliobaki walizaa msimu uliofuata. Kila mmoja alimnusa mwanawe na kugeuka. Thring aliajiri watu, akanunua maziwa ya kopo kwa katoni, na hakuruhusu mtu yeyote ataje yaya mbele yake. Mwishoni mwa mwaka huo aliliuza shamba. Mnunuzi alipanda mizabibu.

Merle alikuwa ameondoka siku ileile ya kufungua mlango. Alihamia kwa dada yake Muswellbrook, akapata kazi ya kukunja mashuka kwa dobi wa mjini. Alikuwa akijiosha mikono kwa brashi ya sakafu. Dada yake alisema hasikii harufu yoyote mikononi mwake, na Merle alisema naye hasikii, shida si harufu. Hakusema ni nini. Alikaa mbali na farasi.

Machi 1988 dada yake alimshawishi waende kwenye maonyesho ya kilimo. Walipita nyuma ya uwanja wa kuruka viunzi wakitafuta chai. Jike kijana aliyefungwa kwenye gari la farasi alinyoosha shingo, akampata Merle mkononi kabla hajauficha, akamnusa kiganja. Msichana mwenye farasi alicheka akasema samahani, mama, huyu ana udaku. Kisha akatazama chini akaacha kucheka. Maziwa yalikuwa yanatoka kwa jike huyo katika chuchu zote mbili na kutengeneza dimbwi kati ya kwato.

Merle aliuchomoa mkono, akaondoka kwa kasi bila kumsubiri dada yake. Jike alikata kamba akamfuata mpaka lango la kutokea, ambako watu watatu walimzuia.

Daktari wa mifugo aliyekuwa zamu alimpima hapohapo, mbele ya mwenye farasi na dada yake Merle. Alithibitisha kwamba jike huyo hakuwa na mimba na hakuwahi kuzaa.